Vikaratasi Saba Mfukoni mwa Profesa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanza leo, na barua ya chuo kikuu imefika leo. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama katikati ya mabeseni, povu likinichuruzika hadi viwikoni. Hawajanikubali na hawajanikataa. Wameniweka kwenye orodha ya akiba ya uhandisi wa maji, namba tisa. Wa mbele akijitoa, tunasogea. Namba mpya zitatoka kila Ijumaa kwenye tovuti yao, na orodha itafungwa tarehe 28 Aprili. Chini kabisa wameandika kwa herufi nzito: mwombaji asipige simu, asifike ofisini bila kuitwa, wala asitume mtu kumwombea.

Chuo cha pili kilishanikubali tangu wiki iliyopita, takwimu. Natakiwa kuthibitisha kabla ya tarehe 30 Aprili. Sijathibitisha. Nikithibitisha nitajiona nimekwisha kukata tamaa.

Mama amefuta mikono kwenye aproni na kunishika bega. "Akiba siyo kukataliwa, mwanangu. Hata kwenye mpira mchezaji wa akiba anavaa jezi."

Shangazi hakuinua uso kwenye pasi. "Anaivaa, halafu anairudisha ikiwa safi. Jezi ya hivyo haifiki hata kwa dobi."

Mama akamkata jicho. Mimi nimecheka, kisha nikaenda kulia nyuma ya shuka zilizoanikwa, maana nyumba yetu haina mahali pengine pa faragha.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Ijumaa, 7 Machi

Tisa.

Jumamosi, 8 Machi

Msimu wa mvua ndio mtihani wa dobi. Shuka za nyumba ya wageni zinakuja ishirini kwa siku na sare za zahanati hazisubiri mtu. Jua likigoma tunatandaza kamba hadi chumbani kwangu, na Shangazi anapiga pasi nguo zikiwa mbichi nusu, mvuke ukimzunguka hadi unamsikia tu humuoni.

Mama anafua, Shangazi anapiga pasi, mimi nasuuza, naanika na kufunga mizigo. Mama na Shangazi ni mawifi. Baba alipofariki nikiwa na miaka sita, watu walitegemea Shangazi afungashe vyake arudi kwao. Akabaki. Sijawahi kumsikia akieleza kwa nini, na si mtu wa kuulizwa.

Sheria ya nyumba ni moja: mfuko wa mteja ni wa mteja. Kabla ya kuloweka tunapekua mifuko yote, tunachokuta tunakiweka pembeni, na nguo ikishapigwa pasi kila kitu kinarudi kwenye mfuko ule ule kilikotoka. Kalamu, tiketi, barua za mapenzi, jino la mtoto. Hatusomi, hatupunguzi, hatuongezi. Kwa sheria hiyo Mama amejenga jina mtaa mzima.

Lakini huwezi kuzuia macho. Sisi tunawajua watu kwa mifuko yao. Ndivyo Shangazi alivyomgundua Profesa: mashati manne kila Jumamosi, koti lenye viraka vya ngozi viwikoni, chaki mfukoni, penseli, na siku moja kitambulisho cha chuo kikuu kile kile. Shangazi hakusoma jina, sheria ni sheria, lakini nembo aliiona. Tangu siku hiyo anamwamkia, "Karibu Profesa," na yeye anainamisha kichwa kwa adabu, anachukua mzigo wake na kwenda.

Leo alipokuja nilitaka kujificha. Nani anataka profesa wa chuo kilichomweka benchi amuone amebeba beseni la soksi?

Ijumaa, 14 Machi

Tisa. Hakuna anayejitoa. Wenzangu wanane wa mbele wana afya njema, nami nawatakia iendelee, ila si sana.

Jumatano, 19 Machi

Nimechoka kuitwa Injinia. Mama aliwaambia wateja nilipotuma maombi, na wateja hawakungoja majibu. "Injinia, shati langu limeisha?" "Injinia, doa hili linatoka?" Muuza maziwa ameniuliza leo kama nimeshaanza masomo. Nimemjibu vibaya.

Shangazi amesikia. "Aliyekukosea ni chuo. Muuza maziwa amekufanya nini?"

"Wewe hujui inavyouma."

"Kweli, sijui. Mimi sikuwahi kuomba chuo." Akarudi kwenye kola yake.

Nimekasirika zaidi kwa sababu amesema kweli. Neno moja tu la kunipa moyo lingemgharimu nini? Shangazi ni bahili wa sifa. Nilipofaulu mtihani wa mwisho, Mama alipiga vigelegele, yeye akaniuliza kama nimeingiza vibanio ndani maana wingu limetanda.

Ijumaa, 21 Machi

Nane! Mtu mmoja huko amepata pazuri zaidi, Mungu ambariki.

Jumanne, 25 Machi

Mvua siku nzima. Chumbani kwangu kuna suruali kumi na mbili za walinzi. Nimelala katikati yake kama niliye lindoni.

Ijumaa, 28 Machi

Tano! Watatu kwa mkupuo. Mama amenikumbatia na mikono yake yote ya povu. Shangazi akasema, "Tano bado si moja," lakini nimemuona akihesabu kwa vidole chini ya meza.

Jumamosi, 29 Machi

Kitu cha ajabu. Nilikuwa nafunga mzigo wa Profesa, Shangazi akaninyang'anya. "Huu nafunga mwenyewe. Wewe unakunja mikono ovyo." Kazi ya kufunga ni yangu tangu nina miaka kumi. Nimeona ni dharau nyingine, nikamwachia.

Ijumaa, 4 Aprili

Tano.

Jumatano, 9 Aprili

Leo maji yametuingilia. Saa nane mchana mvua ilizidi, mtaro wa barabarani ukafurika na uani kwetu pakawa bwawa. Mama alibeba mizigo ya zahanati juu ya meza, mimi nikachukua jembe.

Uani kuna mtelemko mdogo kuelekea ukuta wa nyuma. Nimeujua tangu utoto, maana ndiyo michezo niliyocheza: kuelekeza maji. Nikachimba mfereji kutoka mlangoni, nikaupindisha kupita chooni, nikautoa kwenye tundu la ukuta. Shangazi akatoka mvua ikimnyeshea kichwani, sketi ameifunga kiunoni, akaanza kupanga mawe pembeni ya mfereji bila kuambiwa. Nilipochoka alichukua jembe. Saa kumi maji yalikuwa yanatoka yenyewe, na hakuna nguo hata moja iliyoharibika.

Nilisimama natetemeka, nasubiri aseme kitu. Akasema, "Ungeanza kuchimba asubuhi wingu lilipoonekana." Kisha akanipa taulo kavu, na wiki hii taulo kavu ni mali.

Nimelala nikifikiria kwamba kweli nataka kozi hii. Si kwa ajili ya kuitwa Injinia. Nataka kujua kwa hesabu kile ninachokijua kwa miguu.

Ijumaa, 11 Aprili

Tatu. Sijamwambia mtu hadi mchana, nilitaka kukaa nayo peke yangu kidogo.

Jumanne, 15 Aprili

Ujumbe wa chuo umeingia asubuhi. Niliufungua nikijua nafasi imepatikana. Naunakili hapa:

"Ofisi ya Udahili imepokea vikaratasi saba vya kukuombea nafasi, vilivyoletwa kwa mkono kwa nyakati tofauti. Hii ni kinyume cha masharti ya orodha ya akiba. Unatakiwa kufika ofisini Jumanne, 22 Aprili, kutoa maelezo. Usipofika, jina lako litaondolewa."

Nimewasomea kwa sauti. Mama akasema ni utapeli, au wamekosea mtu. Mimi nilikuwa namtazama Shangazi, kwa sababu pasi ilikuwa imesimama, na pasi ya Shangazi haisimami juu ya nguo. Harufu ya kuungua ikaanza.

"Wifi, shati!" Mama akapiga kelele.

Shangazi akainua pasi. Alama yake ilibaki mgongoni mwa shati, kahawia. Ni shati la kwanza kumuona akiunguza.

"Ni mimi," akasema. "Niliweka kwenye mifuko ya Profesa."

Kila Jumamosi alikuwa anamwandikia Profesa kikaratasi na kukitia kwenye mfuko wa shati la juu. Wiki ya tatu alitia viwili, kimoja kwenye shati na kingine kwenye koti, isije ikawa hatavaa shati. Alifikiri profesa mwenye ngozi viwikoni hashindwi kusogeza namba.

Nilitoka nikasimama kwenye mvua kama mjinga.

Jumatano, 16 Aprili

Mama amesema maneno ambayo sikujua anayo. Si kwa ajili ya chuo kwanza, bali kwa ajili ya mfuko. "Miaka kumi na tatu, wifi! Sijawahi kutoa kitu wala kuongeza kitu kwenye mfuko wa mtu. Leo tutawatazamaje wateja?"

Shangazi amepiga pasi shuka kumi na tisa bila kukaa.

Mimi nina hasira. Nilikuwa namba tatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijaongea na Shangazi. Yeye pia hajaongea na mimi. Mvua inaongea kwa niaba yetu.

Ijumaa, 18 Aprili

Bado tatu. Angalau jina lipo.

Jumamosi, 19 Aprili

Profesa amekuja. Mama alimkaribisha ndani, akamweka kwenye kiti kizuri, akaanza kuomba radhi rasmi kwa niaba ya biashara. Mgeni wetu akazidi kujikunja kitini. Mwisho akavua kofia.

"Mama, samahani. Mimi si profesa."

Akaizungusha kofia mikononi.

"Mimi ni seremala wa chuo. Natengeneza madawati."

"Na chaki?" Shangazi akauliza kutoka kwenye meza ya pasi.

"Ya kuchorea mbao."

"Na koti?"

"Aliniachia profesa mmoja alipostaafu. Nilimtengenezea kabati."

Mama akamuuliza kwa nini hakusema muda wote huo. Akacheka kwa aibu. "Nilidhani ni utani wa hapa. Kinyozi wangu ananiita Meneja. Halafu, kusema kweli, nilipenda."

Vikaratasi je? Alikuta cha kwanza kimeandikwa "Mheshimiwa Profesa", akajua si chake. Na kwa kuwa hapa kwetu kila kitu kinarudi kwa mwenyewe, naye akaona afanye vivyo hivyo. Alisoma neno "orodha", akauliza orodha zinakaa wapi, akaelekezwa Udahili. Kila Jumatatu alipeleka kwa mkono alichokikuta mfukoni na kumkabidhi karani, akimweleza kilikotoka na kumsisitiza asikipoteze.

Shangazi alikaa juu ya mzigo wa shuka safi, jambo ambalo yeye mwenyewe amekataza nyumba nzima. Mama alijaribu kushikilia uso wa hasira, ukamshinda. Kicheko kilimwanzia mabegani, kisha akacheka hadi akashika ukuta. Seremala naye akacheka. Nikajikuta nacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima, kisha nikakumbuka Jumanne, nikanyamaza.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeamka alfajiri, nimepanda basi, nimefika saa tatu nikiwa na sketi ambayo Shangazi aliiacha mlangoni kwangu imepigwa pasi pindo kwa pindo, bila neno.

Karani wa udahili ni mama wa makamo, sweta la kijivu, miwani kwenye kamba. Aliangalia jina langu, kisha akaniangalia mimi.

"Kumbe ndiye wewe wa mifukoni."

Nikamweleza yote, mfuko, chaki, koti, Profesa. Nilisema sikujua, ila nisingependa Shangazi yangu aonekane mtu mbaya. Amekosea njia tu. Karani alikuwa ameziba mdomo kwa faili. Alipolishusha macho yake yalikuwa na machozi ya kicheko.

"Maelezo yako nimeyaandika," akasema. "Jina linabaki. Lakini nikwambie ukweli, binti, orodha inakwenda kwa alama. Karatasi hizi hazikusogezi mbele hata nafasi moja, wala hazikurudishi nyuma. Niliwajibika kukuita, basi."

Nikashukuru, nikainuka. Akasema, "Umezisoma?"

"Hapana."

Akazigeuza upande wangu na kwenda kuchukua chai yake, ambayo nadhani haikuwepo.

Shangazi ana mwandiko wa herufi kubwa, umenyooka kama mikunjo ya pasi yake. Cha kwanza kilikuwa cha salamu na namba yangu. Cha pili kiliuliza hali ya koti. Cha tatu nakikumbuka neno kwa neno:

"Mheshimiwa Profesa. Huyu mtoto akiwa na miaka kumi na moja alichukua kipande cha bomba akafanya maji ya kusuuza yaingie yenyewe kwenye mabeseni ya kuloweka. Kabla ya hapo mimi na wifi yangu tulikuwa tunabeba ndoo arobaini kwa siku. Sasa tunabeba kumi na tano. Mgongo wangu ni mzima kwa sababu yake. Hajui, sikumwambia."

Sikuwa nikijua. Lile bomba nilidhani hakuna aliyeona faida yake. Siku ile Shangazi alinikaripia kwa kukata bomba zima.

Cha saba, cha Jumamosi ya mwisho kabla ya ujumbe, kilisema hivi: "Jumatano alituokoa na mafuriko. Ana hasira za haraka kama kaka yangu lakini hazikai. Mimi simsifu mbele yake, nikianza sitaweza kuacha, na kazi zitalala. Ndiyo maana nakuandikia wewe."

Karani aliporudi alinipa karatasi ya kufutia uso. "Nina miaka kumi na moja kwenye kiti hiki," akasema. "Faili nyingi zina karatasi mbili, fomu na matokeo, basi."

Kwenye basi nililia njia nzima, na aliyekaa pembeni yangu akanipisha kiti cha dirishani.

Nilipofika nyumbani nilitaka kumwambia Shangazi. Nikafungua mdomo, ikatoka, "Jina limebaki." Akasema, "Mungu mkubwa," akageukia pasi. Tunafanana, mimi na yeye. Ndilo tatizo.

Ijumaa, 25 Aprili

Moja.

Namba moja! Mtu mmoja tu akijitoa kati ya leo na Jumatatu.

Jumapili, 27 Aprili

Jua la kwanza baada ya wiki tatu. Tumeanika kila kitu, hadi magodoro. Nimeangalia simu mara arobaini.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuna aliyejitoa. Saa kumi na moja jioni ukurasa umebadilika: "Orodha ya akiba imefungwa. Tunawashukuru waombaji wote."

Mama alikaa na mimi kwenye ngazi ya nyuma. Hakusema habari za jezi. Alinishika mkono tu, mkono wake umekunjamana kwa maji, na imeniuma, sitaficha, imeniuma sana. Lakini nilikuwa nauona mfereji wangu uani, na mawe ya Shangazi pembeni, na nikajua sijaachwa mikono mitupu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimethibitisha takwimu. Nilidhani nitabonyeza huku nikijilazimisha. Nilipobonyeza, nilishukuru kwamba kulikuwa na mlango mwingine uliobaki wazi. Kuna waliokuwa nyuma yangu kwenye orodha na hawana pengine. Masomo ya mwaka wa pili yana hesabu za mvua na mito. Nimesoma ukurasa wao wote leo kwa mara ya kwanza, baada ya kuupuuza miezi miwili.

Mama amewatangazia wateja. Muuza maziwa ameniuliza takwimu ni nini. Nimemweleza taratibu, kisha nikamwomba radhi kwa lile la Machi. Alikuwa ameshasahau, au amejifanya.

Shangazi hali chakula. Anasema ameshiba. Mama ameniambia pembeni kwamba anaamini vikaratasi ndivyo vilivyoniponza, na kwamba karani alinipa maneno ya kunituliza tu. "Mimi nimemwambia mpaka nimechoka," Mama akasema. "Hasikii kwangu."

Jumatano, 30 Aprili

Shangazi ameunguza foronya mbili. Nimemwandikia karani, nikamwomba anipe yale maneno kwa maandishi. Nimemwambia ni kwa ajili ya nani.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua zinakwisha. Imenyesha kidogo asubuhi, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua.

Seremala alikuja na mashati yake manne. Mama amemwambia ataendelea kuitwa Profesa, ni uamuzi wa nyumba, na yeye amesema hana pingamizi. Kutoka mfuko wa ndani wa koti akatoa bahasha. "Nimetumwa na karani wa udahili," akasema. "Nikabidhi kwa mkono. Sikuisoma."

Ndani kulikuwa na barua ya mistari minne, yenye muhuri. Nikaenda nayo moja kwa moja hadi kwenye meza ya pasi, nikasoma kwa sauti mbele ya Mama na Profesa:

"Nafasi zote zilijazwa kwa kufuata alama za mtihani. Mwombaji wa mwisho kupokelewa alimzidi mwombaji huyu kwa alama moja. Vikaratasi saba vilivyopokelewa havikuongeza wala kupunguza chochote katika uamuzi huo."

Shangazi aliweka pasi pembeni, kwenye kisahani chake.

"Havikupunguza?"

"Havikupunguza kitu, Shangazi."

"Wana uhakika?"

"Wamepiga muhuri."

Akauchukua ule ukurasa, akaupeleka kwenye mwanga, akauangalia muhuri mbele na nyuma. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu katikati ya Aprili, yakashuka. Kisha akakunja uso.

"Na havikuongeza hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafikiri.

"Basi saba vilikuwa vichache."

Mama akasema, "Wifi!" Nami nikasema nilichokuwa nimekibeba tangu Jumanne ile, kabla ubishi haujanirudisha nyuma. Nilimwambia nimevisoma vyote. Nilimwambia kuhusu ndoo arobaini, kuhusu mgongo, kuhusu Baba. Nilimwambia asante, kisha nikarudia, kwa sababu ya kwanza ilikwama.

Shangazi alivuta shuka kubwa la nyumba ya wageni kutoka kwenye lundo, akanirushia ncha mbili. Shuka la namna ile halikunjwi na mtu mmoja. Tukarudi nyuma kila mtu upande wake, tukalinyoosha, tukasogeleana, na ncha zilipokutana alishika mikono yangu pamoja na shuka, akaishikilia kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.